Mtoto anayegeukageuka akinyonya: uchague chumba kimya, mtandio, usingizi au kukamua?

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mtoto aliyekuwa akishika ziwa na kutulia mpaka akasinzia huanza mtindo mpya. Ananyonya kidogo, anaachia, anamtazama aliyepita, anacheka, anarudi, anaachia tena. Mlango ukifunguliwa amegeuka. Simu ikiwaka mwanga amegeuka. Wakati mwingine anageuka chuchu ikiwa bado mdomoni, na uchungu wake anaujua aliyewahi kuvutwa. Siku kadhaa za namna hiyo zikipita, mama huanza kuletewa ushauri kutoka kila upande: maziwa yako yamekwisha, mtoto amekinai, mpe chupa, mwachishe.

Mara nyingi ushauri huo hauna msingi, ila huaminika kwa sababu kipindi hiki mambo matatu hutokea kwa pamoja. La kwanza ni macho na masikio. Mtoto mchanga huona vizuri vilivyo karibu tu, kama sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali wa uso wa mama kutoka ziwani. Akifika miezi 4 anaona hadi upande wa pili wa chumba, anafuata kwa macho kitu kinachotembea, na anajua sauti imetokea wapi. La pili ni ustadi. Mtoto aliyehitaji nusu saa kushiba sasa anaweza kumaliza kwa dakika 5 hadi 10, hivyo anaposema basi huenda ameshiba kweli. La tatu ni matiti yenyewe. Yale yaliyokuwa yakijaa na kuvuja wiki za mwanzo sasa yamelainika, kwa kuwa mwili umeshajua kiasi cha kutengeneza. Mama anaona mtoto anaachia, anagusa titi ni laini, anahitimisha kwamba maziwa hayapo. Yapo.

Mtoto kujiachisha kwa hiari yake kabla ya mwaka mmoja ni jambo la nadra. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo mwenye mtoto wa miezi 4 bado ana kipindi kirefu mbele, na kinachomfaa ni kuchagua namna ya kukipitia. Namna zipo kadhaa, zote hutajwa kwa mkupuo mmoja, nazo hazilingani hata kidogo.

Kabla ya kuchagua: ni udadisi au ni maumivu?

Mtoto mdadisi huachia ziwa kwa furaha. Macho yanang'aa, kichwa kinazunguka, na ukimpeleka pasipo na watu au ukimkuta ana usingizi ananyonya vizuri kabisa. Hiyo ndiyo alama yake kubwa. Mtoto mwenye maumivu huachia kwa kilio. Anashika ziwa, anavuta mara chache, anapiga kelele, na hata chumba kikiwa kimya hali ni ileile. Pua iliyoziba humlazimu kuachia ili avute pumzi. Sikio lenye maambukizi humuuma anapomeza au anapolalia upande fulani. Fizi zinazoota meno huuma. Utando mweupe ulimini na ndani ya mashavu, usiofutika kwa kitambaa, huwa ni fangasi, nao hutibiwa.

Kuna na yule anayegoma ghafla: jana alinyonya, leo anakataa titi kabisa, mchana na usiku. Huyo usimweke kundi moja na mdadisi. Tafuta sababu, na wakati unaitafuta kamua maziwa kwa ratiba aliyokuwa akinyonya ili yasipungue.

Cha kupimia ni nepi na mizani. Nepi 6 au zaidi zilizolowa vizuri ndani ya saa 24, pamoja na uzito unaoendelea kupanda kliniki, vinaonyesha kwamba maziwa yanaingia, hata kama kila kunyonyesha kunaonekana ni vurugu. Kasi ya kuongezeka uzito hupungua baada ya miezi mitatu au minne kwa watoto wote wenye afya, kwa hiyo mstari wa uzito kwenye kadi ukipanda polepole kuliko mwanzo usikutie hofu. Lakini mkojo ukiwa haba na wa rangi nzito, mdomo ukiwa mkavu, utosi ukiwa umebonyea, au mtoto akiwa amelegea au ana homa, mpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Mengine yote yaliyo hapa chini yatasubiri.

Chumba kimya au kubaki penye watu

Kwa kunyonyesha kwa mchana, hakuna kinacholeta matokeo upesi kama chumba kimya chenye mwanga hafifu. Funga pazia, zima televisheni, ifunike simu, usizungumze. Sauti moja isiyobadilika, kwa mfano ya feni, husaidia kuficha kelele ndogo za nje. Mtoto aliyekuwa ameachia mara kumi sebuleni hushika na kunyonya mpaka mwisho.

Tatizo lake ni kwamba linamfungia mama ndani. Anayenyonyesha mara saba au nane kwa siku akiingia chumbani kila mara, siku yake yote inaishia nyuma ya mlango uliofungwa, na kama ana mtoto mwingine mkubwa, moyo wake uko kule nje. Naliona hili kuwa zito kuliko linavyosemwa. Mama huchoka na upweke kabla ya kuchoka na kunyonyesha, halafu anayelaumiwa ni titi.

Kubaki penye watu humwachia mama maisha yake, na mtoto naye polepole huzoea kunyonya huku mambo yakiendelea. Ili ifanikiwe, kaa ukiwa umeelekea ukuta au kona, mtoto asione chochote zaidi yako. Mshikilie kwa kumbana vizuri kifuani, mwili wake wote ukigusa wako, kwa sababu mtoto anayening'inia mkononi ana nafasi ya kujipinda. Kisha waombe waliopo wasimwite wala kumchekesha. Hili la mwisho ndilo gumu, maana kila mtu anampenda mtoto na anataka atazamwe naye.

Mimi nisingemshauri mtu kuchagua kimoja na kuacha kingine. Chagua nyakati mbili au tatu za siku ambazo mtoto lazima anyonye vya kutosha, hizo zipe chumba kimya, na wakati huo baba au mwingine wa nyumbani amchukue mtoto mkubwa. Nyakati nyingine nyonyesha popote ulipo, akichukua kidogo na kuachia umwache.

Mtandio au kitu cha kushika

Mtandio ndio unaoshauriwa sana, na kwa tatizo hili nauweka chini kabisa. Unaziba macho lakini hauzibi masikio. Mtoto wa miezi 5 ana mikono inayojua kuvuta, na kitambaa usoni kinageuka mchezo: anakivuta, anachungulia, anacheka. Pia ndani yake kuna joto, na ni lazima mama auone uso wa mtoto na pua yake iwe wazi wakati wote. Aliyezoeshwa mtandio tangu wiki za mwanzo huuvumilia, kwa huyo endelea. Kuuanzisha mwezi wa tano ni kujitafutia mieleka.

Kitu cha kushika kinatumia udadisi uleule badala ya kushindana nao. Wapo akina mama wanaovaa mkufu wa shanga kubwa, mtoto anaushika na kuupekua huku akinyonya. Mkono ukiwa na kazi, jicho hubaki karibu, na yale makucha yanayofinya titi la pili hupata pa kwenda. Uzi uwe imara na shanga zisiweze kung'oka, kwa kuwa shanga iliyodondoka ni hatari ya kumkaba, na mkufu uvuliwe kabla ya kulala. Asiye nao atumie pindo la nguo au kidole chake mwenyewe. Kisichofaa ni kinacholia au kinachowaka taa, pamoja na simu yenye picha zinazocheza. Hivyo vinamtoa ziwani kwa sababu ileile inayotufanya sisi tusiviachie.

Macho ya mama nayo yana pande mbili. Wapo watoto wanaotulia wakitazamwa na kuimbiwa kwa sauti ya chini, na wapo wanaoacha kunyonya papo hapo ili watabasamu. Kwa hao wa pili, wewe tazama pembeni mpaka wamalize.

Akiwa macho kabisa au akiwa na usingizi

Kama ningeruhusiwa kutoa shauri moja tu, lingekuwa hili: mpate mtoto usingizi ukiwa bado haujamtoka au umeshaanza kumchukua. Katika hali hiyo haoni haja ya kufuatilia mlango nani amepita, lakini kunyonya kunaendelea vizuri. Mtoto aliyekataa ziwa saa tano asubuhi akiwa amekaa mkao wa kutazama dunia, saa sita akiwa amelegea atanyonya titi moja mpaka lilainike kisha atake la pili. Tena haihitaji kifaa chochote wala nyumba yenye vyumba vingi.

Nyakati hizo mbili, ya kuamka na ya kulala, hazifanani, na tofauti zake ni za kuzipima.

Anapoamka tumbo liko tupu na mwili bado mzito. Hapo hunyonya kwa bidii, na hakuna anayeweza kulalamika kwamba unamzoesha kulala na ziwa mdomoni. Ugumu ni kuwahi. Ukichelewa dakika chache, au mtu mwingine akimchukua kwanza na kuanza kucheza naye, usingizi umemtoka na nafasi imepotea. Mwambie kila aliye nyumbani: akianza kujinyoosha na kuguna, aletwe kwa mama kabla ya kusalimiwa.

Anapolala ni rahisi zaidi kupanga, kwa sababu dalili zinaonekana: anafikicha macho, anaduwaa, anageuza uso kukikimbia kile alichokuwa akikichezea. Kasoro ni kwamba anaweza kusinzia kabla ya kushiba. Akianza kupunguza kasi, libane titi kwa kiganja, taratibu na kwa kulishikilia, maziwa yamiminike. Akimeza mara kadhaa legeza, kisha bana tena. Kasoro ya pili ni ile inayotajwa na wengi, kwamba atazoea kulala hivyo. Wapo wanaozoea. Katika kipindi ambacho mchana hashibi, naona kushiba kutangulie, na mama anayeogopa mazoea hayo atie nguvu zaidi kwenye ile nafasi ya kuamka.

Upo pia unyonyeshaji wa saa za usiku mama anapojiandaa kulala: unamwinua mtoto taratibu bila kuwasha taa kubwa, unagusisha chuchu kwenye mdomo wake, ananyonya bila kuamka. Kwa wengine hufanya kazi vizuri sana. Kwa wengine humwamsha mtoto akacheza saa nzima. Wa namna hiyo mwache alale.

Tahadhari moja isipuuzwe: mama aliyechoka asinyonyeshe akiwa kwenye kochi au kiti cha kuegemea mahali anapoweza kupitiwa na usingizi. Mtoto anaweza kubanwa kwenye mianya ya kochi akakosa pumzi.

Kulala ubavu au kusimama na kutembea

Hapa uchaguzi ni mwepesi. Kulala ubavu chumbani, tumbo kwa tumbo, humtuliza mtoto aliyechoka na humpumzisha mama. Kutembea naye, akiwa amefungwa kwenye mbeleko kifuani au ameshikwa tu, humsaidia yule ambaye hajachoka ila hatulii, kwa kuwa mwendo wa kurudiarudia humlegeza. Mgongo wa mama ndio unaoamua. Mtoto anayependa kuona anaweza pia kuketishwa wima mapajani, miguu ikiwa huku na huku, akinyonya kwa mkao huo. Akitaka kugeuka na chuchu mdomoni, usimvute. Ingiza kidole kidogo kilicho safi kwenye pembe ya mdomo wake, ziwa litaachiwa bila kukuumiza.

Kungoja njaa au kumpa kila baada ya muda

Wapo wanaoshauri kumchelewesha mtoto ili akija awe na njaa ya kumnyamazisha. Hoja inaeleweka, lakini matokeo huwa kinyume. Mtoto aliyepitiliza njaa hulia, hujipinda na kushindwa kushika. Na maziwa yanayokaa muda mrefu bila kutolewa huuambia mwili upunguze kutengeneza. Kuchelewesha kwa siku nyingi ndiko kunakoweza kuleta upungufu uliokuwa ukihofiwa.

Kumpa kila nusu saa nako hakufai. Anakataa kwa sababu ameshiba, mama anakuwa na huzuni, na titi linageuka mahali pa ugomvi. Wakati wa mchana kumpa kila baada ya saa 2 hadi 3 kunawatosha wengi wa umri huu, ukiangalia dalili za mtoto wako kuliko saa. Akikataa, kubali, ujaribu tena baadaye. Usimsukume kichwa kuelekea ziwani hata siku moja. Anayesukumwa hujifunza kuliogopa.

Kuna mtoto anayeachia dakika ya kwanza tu, kila mara, halafu ananung'unika. Huenda maziwa ya mama yanachelewa kushuka, na mtoto wa sasa hana subira ya jana. Kanda titi na ukamue kidogo kwa mkono kabla ya kumpa, akishika akute yanatoka. Kuhusu wale wenye hofu kwamba dakika 5 hazimfikishi kwenye maziwa mazito: mafuta huongezeka kidogokidogo kadiri titi linavyopungua, hakuna dakika maalumu yanapobadilika, na kinachohesabika ni alichokipata kwa siku nzima.

Mchana au usiku

Mtoto anayecheza mchana mara nyingi hulipiza usiku. Kumwacha alipize kuna faida za kweli: giza limeshafanya kazi ya chumba kimya, homoni ya kutengeneza maziwa huwa juu zaidi usiku, na uzito unakwenda vizuri. Kwa mama anayeshinda kazini, mtoto wa namna hii hata hupunguza kiasi cha maziwa ya kuacha nyumbani. Lakini usingizi wa mama ndio unaolipa.

Kama umechoka, anza kwa kuongeza mchana, hasa zile nafasi za kuamka na kulala, na usubiri usiku upungue wenyewe. Kukata usiku kabla mchana haujajaa kunamwacha mtoto bila pande zote mbili, na hili nalisema kwa mkazo.

Ziwani au kukamua

Kukamua kunavutia kwa sababu kiasi kinaonekana. Ila hakutibu udadisi: mtoto anayegeukageuka ziwani hugeukageuka na kwenye chupa, na mama sasa ana kazi tatu, kukamua, kulisha na kuosha vyombo. Kwa hiyo nakuweka mahali pake. Mtoto akiacha titi limejaa na linauma, kamua upate nafuu na maziwa yaendelee kutengenezwa. Uzito ukiwa haupandi, kamua umwongezee, huku mhudumu wa afya akifuatilia. Na mama anayeondoka nyumbani hana budi.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku 4 kwenye friji. Kati ya kikombe na chupa, kikombe kidogo kilicho safi hakimzoeshi mtoto chuchu ya plastiki, ingawa kinataka mkono wenye subira. Anayechagua chupa amketishe mtoto wima, ailaze chupa karibu usawa wa sakafu, na kumpumzisha kila baada ya mafunda machache, ili asizoee maziwa yanayomiminika bila kuvutwa.

Akianza kutambaa

Kwa wengi hali hutulia kidogo kati ya mwezi wa sita na wa saba, kisha hurudi mtoto anapoanza kutambaa, na hapo uchaguzi hubadilika. Chumba kimya hupungua nguvu kwa sababu tatizo sasa ni miguu inayotaka kwenda. Mkufu bado unasaidia kidogo. Nafasi za usingizi hubaki na nguvu zake zote. Chakula kimeshaanza umri huu, na mdadisi hujaza tumbo kwa kijiko kisha hana haja na ziwa. Mpaka afikishe mwaka mmoja, mpe ziwa kwanza na chakula kifuate baadaye kidogo. Mwache anyonye amesimama ukiwa umekaa sakafuni kama ndivyo anavyotaka, aende, arudi.